Nasaba Mbele ya Korti: Sheria za Kale na Majalada ya Kesi katika Historia ya Ukoo, Kisumu na Mwambao wa Ziwa

Atakaye kuandika historia ya ukoo katika mwambao wa Kenya wa Ziwa Viktoria aghalabu huanza kwa wazee. Hilo ni jambo la busara, na ndiyo njia aliyoifuata B. A. Ogot katika kitabu chake kuhusu historia ya Wajaluo wa Kusini kilichochapishwa mwaka 1967. Vipo pia vitabu vya wenyeji wenyewe. Paul Mboya, aliyepata kuwa chifu wa Karachuonyo, alitoa mwaka 1938 kitabu chake cha Kijaluo juu ya mila na desturi, na mwaka 1953 Shadrack Malo alitoa orodha ya koo za Nyanza ya Kati. Lakini wazee wakiisha kufa na vitabu vikiisha kusomwa, hubaki ghala jingine ambalo watafiti wengi wa nasaba huliendea kwa kusitasita, nalo ni majalada ya korti pamoja na sheria zilizoyazaa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ghala hilo halifunguki kwa ufunguo mmoja. Msomaji wa jalada hana budi kuijua sheria iliyolileta swali mbele ya hakimu, na kadhalika hana budi kuijua lugha ambamo swali liliulizwa na kujibiwa. Akikosa kimojawapo, atamwita mtu mwana wa asiye baba yake, na atawafuta mabinti ambao walikuwapo.

Kwanza yafaa ikumbukwe kuwa hapana korti iliyoandika nasaba kwa kupenda nasaba. Karani aliandika majina ya mababu kwa sababu watu wawili waligombea shamba, mjane, ng'ombe wa mahari au maiti. Aliandika yale yaliyohitajiwa na ugomvi, akaacha mengine yote. Mzee aliyeweza kutaja vizazi kumi na viwili chini ya mti alitaja vitatu mbele ya hakimu, maana vitatu vilimtosha kushinda. Hivyo ufupi wa shajara katika jalada si dalili ya usahaulifu.

Mipaka ya utawala nayo huwapoteza watu wengi. Reli ilifika ziwani mwezi Desemba 1901, mahali palipoitwa wakati huo Port Florence, na ambapo leo ndipo Kisumu. Wakati huo nchi yote ya mwambao huo ilikuwa bado chini ya Himaya ya Uganda, katika Jimbo lake la Mashariki. Ilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Aprili 1902. Kwa hiyo barua na mashauri ya kabla ya tarehe hiyo ni sehemu ya kumbukumbu za serikali ya Uganda, na mtu atazitafuta Nairobi bila kuzipata. Baada ya hapo eneo hilo lilijulikana kuwa Jimbo la Kisumu, na mwaka 1909 likapewa jina la Nyanza. Wilaya iliyoitwa Kavirondo ya Kati iligeuka kuwa Nyanza ya Kati, na humo zikachimbuka wilaya za Kisumu na Siaya. Watu hawakuhama, karatasi zao ndizo zilizohama, na jamaa moja iliyokaa kijiji kimoja huweza kupatikana chini ya majina manne ya utawala.

Sheria za kodi zilikuwa za kwanza kuwahesabu watu kwa wingi. Kanuni za kodi ya vibanda za mwaka 1901, na sheria ya mwaka 1910 iliyoongeza kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na kibanda, zilimfanya mkusanyaji kodi ahesabu paa za nyumba. Katika boma la Kijaluo kila mke ana nyumba yake: mikayi ndiye mke wa kwanza, nyachira wa pili, reru wa tatu, na mahali pa kila nyumba ndani ya boma hujulikana. Hivyo mtafiti anaposoma kwamba fulani alilipia vibanda vitatu hushawishika kusema alikuwa na wake watatu. Asiharakishe. Kibanda kimoja huenda kilikuwa cha mama yake mjane, na kingine cha mke wa ndugu yake aliyefariki. Daftari linasema idadi ya paa, wala halisemi zaidi. Umri nao ni wa kukisia tu. Kodi ya kichwa na sheria ya kipande, iliyotungwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, zilimtaka kila mwanamume aliyeonekana kufikia miaka 16; basi kijana mwenye kifua kipana alifikisha miaka 16 siku ile karani alipomtazama. Tarehe nyingi za kuzaliwa zinazotajwa leo kwa uhakika katika hotuba za mazishi zina asili yake katika jicho la karani huyo.

Nguvu hasa ya ghala hili imo katika mabaraza ya wenyeji. Wajaluo walikuwa na baraza lao la wazee lililoitwa doho, na serikali ya kikoloni ililichukua jina na sura yake ikalifunga katika sheria. Sheria ya Mabaraza ya Wenyeji ya mwaka 1930 iliyaweka mabaraza hayo chini ya maofisa wa utawala, na rufani zikawa zinapanda kwa ofisa wa wilaya hadi kwa mkuu wa jimbo. Sheria ya Mahakama za Waafrika ya mwaka 1951 ilishika mahali pake, mpaka mwaka 1967 mfumo huo ulipovunjwa na mashauri ya wananchi wote yakaingizwa katika mahakama za mahakimu. Katika miaka yote hiyo ya mabaraza mawakili hawakuruhusiwa kusimama humo. Kwa mwanahistoria hiyo ni neema kubwa, kwa sababu mdai na mdaiwa walijisemea wenyewe, na wazee waliulizana kwa maneno yao.

Lakini walisema kwa Kijaluo, na jalada la rufani liko kwa Kiingereza. Katikati yake mara nyingi palikuwa na Kiswahili. Ofisa wa wilaya alikuwa amefanya mtihani wa Kiswahili, Kijaluo hakukijua au alikijua kidogo. Mkalimani alikitoa Kijaluo akakitia katika Kiswahili cha bara, na ofisa akaandika Kiingereza chake. Neno moja la ujamaa lilivuka mito miwili kabla ya kutua kwenye karatasi.

Wakati mwingine Kiswahili kilihifadhi kile ambacho Kiingereza kilikipoteza. Okewo katika Kijaluo ni mtoto wa dada. Kiswahili kina neno lake hasa, mpwa, na ndugu wa kiume wa mama kinamwita mjomba, ambaye ni ner kwa Kijaluo. Kiingereza hakitofautishi mtoto wa dada na mtoto wa kaka, wala mjomba na baba mdogo. Sasa katika mashauri ya ardhi tofauti hiyo ndiyo kesi yenyewe. Watu wa nchi hugawanywa katika weg lowo, ambao ndio wenye ardhi, na jodak, ambao ni waliokaribishwa. Wengi wa hao waliokaribishwa walikuwa wapwa: mama yao alirudi kwao na watoto, wakapewa mahali pa kulima, wakazaa, na baada ya vizazi viwili au vitatu majirani wakawahesabu kuwa wana wa ukoo. Ugomvi ulipozuka ndipo ilipokumbukwa kwamba babu yao aliingia kwa mlango wa mwanamke. Mdai akasema okewo, mkalimani akasema mpwa, ofisa akaandika neno lake linalofaa pande zote mbili, na msomaji wa leo anapita bila kujua kwamba amepita juu ya kaburi la hoja nzima.

Kwingine Kiswahili kilifuta. Owadwa husemwa kwa mwana wa baba mmoja, na husemwa vilevile kwa mtu wa ukoo ambaye babu yenu wa pamoja ni wa mbali. Neno ndugu lililipokea owadwa kwa mikono miwili, maana nalo ni pana vivyo hivyo, na Kiingereza kikalibana mpaka likamaanisha mtoto wa wazazi walewale. Mtafiti anayehesabu wana wa mzee mmoja kwa kufuata neno hilo katika tafsiri ya Kiingereza ataweza kupata wana ishirini, na nusu yao hawakulala nyumba moja hata siku moja.

Hapa inafaa kutajwa neno jingine, mlango. Utawala wa kikoloni katika Nyanza uliwaita viongozi wadogo walio chini ya machifu milango, na neno hilo limejaa katika taarifa za wilaya. Msomaji wa pwani hatashangaa, kwa kuwa katika Kiswahili cha huko mlango ni tawi la ukoo. Lakini katika Kijaluo pia neno la ukoo ni dhoot, na dhoot ni dho na ot, yaani mdomo wa nyumba, ndiyo kusema mlango. Ndugu zao wa mbali Wanuer wa Sudani Kusini nao huuita ukoo kwa jina la mlango wa nyumba. Kwa hiyo jalada linaposema mlango wa fulani, mtafiti lazima aulize: linatajwa tawi la nasaba, au linatajwa eneo alilopewa mtu na chifu ili akusanye kodi? Mara nyingine yalikuwa kitu kimoja. Mara nyingi hayakuwa, kwani chifu alimweka amtakaye, na koo ndogo zilitiwa chini ya mlango wa jirani mwenye nguvu. Shajara kadhaa zinazounganisha koo mbili kwa babu mmoja zinafaa kupimwa kwa jambo hili.

Namna ya kupima ushahidi wa nasaba haina haja ya kubuniwa upya, kwa sababu sheria yenyewe iliweka kanuni nzuri kuliko nyingi za vyuoni. Sheria ya Ushahidi ya Uhindi ya mwaka 1872, iliyotumika Kenya hadi Sheria ya Ushahidi ya Kenya ilipoanza kufanya kazi mwaka 1963, ilikubali maneno ya marehemu juu ya ujamaa kwa masharti mawili: msemaji awe na njia ya pekee ya kuujua ujamaa huo, na maneno yawe yalisemwa kabla ya ugomvi kuzuka. Sharti la pili ni dhahabu. Shajara iliyotajwa katika shauri la ng'ombe wa mahari miaka ya 1930, wakati ambapo hapakuwa na mtu aliyegombea shamba, ina uzito kuliko shajara ileile iliyosimuliwa na watu walewale baada ya Sheria ya Upimaji na Ugawaji wa Ardhi ya mwaka 1968 kufika kijijini. Mtafiti apange majalada yake kwa tarehe ya ugomvi kabla ya kuyapanga kwa majina.

Ndoa ni mahali ambapo sheria iliumiza zaidi. Mwaka 1917, katika shauri la Rex dhidi ya Amkeyo, Jaji Mkuu Hamilton aliamua kwamba mwanamke aliyeolewa kwa mila ya Kiafrika hakuwa mke kwa maana ya sheria ya ushahidi. Aliuona uhusiano huo kuwa karibu na ununuzi. Hukumu hiyo iliacha alama yake katika majalada. Mwanamke aliyezaa watoto sita na kuzikwa katika boma la mumewe huweza kuandikwa kama mtu anayeishi tu na mshtakiwa. Karani hakuwa lazima adui yake. Alikuwa anafuata msamiati aliopewa. Na kwa upande wa pili, katika desturi ya ter mjane hukaa na jater, ambaye ni ndugu wa marehemu, na watoto wanaozaliwa huhesabiwa wa marehemu. Shahidi akisema baba yake ni Onyango, aliyefariki miaka minne kabla yeye hajazaliwa, hasemi uongo wala karani hakukosea mwaka. Ametoa jibu sahihi la swali la kimila, na wote waliokuwa barazani walimfahamu.

Kisumu yenyewe ilikuwa mji wa watu wengi, na si kila jamaa yake ilipita katika doho. Waislamu walikuwa na kadhi, na ndoa na talaka zao ziliandikishwa kwa sheria ya mwaka 1906, ikifuatiwa na ile ya mwaka 1920 iliyogusa na mirathi. Mtindo wa bin na binti huyafanya majalada hayo kuwa mepesi kusomwa na mzoefu wa pwani, na wanawake humo wana majina. Wafanyabiashara wa Kihindi walifuata sheria za mirathi zilizoletwa kutoka Uhindi. Mashauri yao ya wasia na usimamizi wa mali hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo limetoka tangu mwaka 1899, na mtu mwenye subira anaweza kuifuata familia ya dukawala kutoka tangazo hadi tangazo.

Majina ya Kijaluo hayana wepesi huo. Otieno ni aliyezaliwa usiku, Onyango ni wa asubuhi jua likiwa limepanda, na kila kizazi huwa na Otieno wake. Jina la pili katika jalada huweza kuwa la baba, la babu, la ubatizo au la sifa. Mfano ulio wazi umo katika kesi mashuhuri kuliko zote za mwambao huu. Wakili Silvano Melea Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986, na shauri la maiti yake linajulikana katika ripoti za sheria kuwa ni la Virginia Edith Wamboi Otieno dhidi ya Joash Ochieng Ougo na mwenzake. Mgeni akilisoma jina hilo hawezi kujua kwamba Ochieng alikuwa ndugu wa marehemu. Ougo ni jina la baba yao. Mmoja alilibeba, mwingine akalifanya jina lake mwenyewe la kuzaliwa kuwa jina la jamaa, na mkewe na watoto wake wakalirithi. Hata mjane ambaye Kenya nzima ilimjua kwa jina la Wambui amegeuka kuwa Wamboi katika karatasi za mahakama. Mtafiti anayetafuta kwa herufi moja tu atampoteza mtu ambaye habari zake zilijaza magazeti kwa miezi mitano.

Kesi hiyo inastahili kusomwa upya na watu wa lugha. Mjane alitaka mumewe azikwe Upper Matasia, karibu na Ngong. Ndugu na ukoo wa Umira Kager walitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Wenyewe walikuwa wameoana mwaka 1963 kwa sheria ya ndoa ya serikali. Jaji Bosire aliamua tarehe 13 Februari 1987 kwa upande wa ukoo, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha tarehe 15 Mei; mazishi yalifanyika Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Mbele ya mahakama wazee, mchimba kaburi na mwanafalsafa Henry Odera Oruka walitoa ushahidi juu ya mila. Ushahidi mwingi ulizunguka maneno mawili, ot na dala. Ot ni nyumba, na mtu aweza kuwa na ot Nairobi au London. Dala ni boma, nalo huanzishwa kwa taratibu zake, baba au mzee wa ukoo akiwapo, katika nchi ya ukoo. Upande wa ukoo ulishikilia kwamba marehemu alikuwa na nyumba tu mjini na hakuwahi kuwa na dala, hivyo alipaswa kulala katika dala la baba yake.

Kiswahili kingefanya nini hapo? Nyumbani ni neno linalokaa pande zote mbili. Mtu hurudi nyumbani jioni kutoka kazini na hurudi nyumbani mwezi Desemba kwa basi. Kwao ndilo lingekaribia dala, nalo si jina la jengo hata kidogo. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, walioandika kitabu kizima juu ya kesi hii mwaka 1992, walionyesha jinsi historia ya ukoo ilivyotengenezwa mahakamani siku hadi siku. Yafaa kuongezwa kwamba ilitengenezwa kwa maneno yaliyokosa kulingana. Kwa mtafiti wa nasaba, ushahidi wa kesi hiyo ni hazina kubwa ya habari za ukoo, na kwa kanuni ile ya mwaka 1872 ni ushahidi wa kushukiwa, kwani kila neno lake lilisemwa baada ya ugomvi kuzuka.

Kabla ya kesi hiyo kulikuwa kumetokea badiliko jingine, bila kelele. Sheria ya Mirathi ilipitishwa na Bunge mwaka 1972, lakini ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kwa mtu aliyefariki bila wasia tangu siku hiyo, watoto wote hugawana sawa, wa kiume na wa kike. Kwa aliyekuwa na wake wengi, mali hugawanywa kwanza kwa nyumba kufuatana na idadi ya watoto wa kila nyumba, mke akihesabiwa kuwa fungu moja la ziada. Mahakama basi hulazimika kuandika kila nyumba na watoto wake. Mpangilio wa mikayi, nyachira na reru, ambao daftari la kodi liliugeuza kuwa hesabu ya paa, umerudi katika jalada la mirathi ukiwa na majina. Zipo wilaya ambazo mashamba yake na mifugo yake viliachwa chini ya mila, nyingi zikiwa za kaskazini na za wafugaji. Wilaya za ziwani hazimo.

Lakini aliyefariki kabla ya tarehe hiyo huendelea kuhukumiwa kwa mila ya wakati wa kifo chake, hata kama jalada lake limefunguliwa miaka thelathini baadaye. Na ichukuliwe kwa mfano jamaa ya kubuni: mzee alikufa mwaka 1979, mdogo wake wa tumbo moja mwaka 1984, kila mmoja akiacha wana watatu na mabinti wanne. Jalada la kwanza litaorodhesha watu watatu, la pili saba. Msomaji asiyetazama tarehe ya kifo atasema mkubwa hakuzaa mabinti.

Hata katika jalada la pili mabinti hawapatikani kwa urahisi. Barua ya chifu ya kuwatambua warithi mara nyingi huwaweka mwisho, na wengine huonekana katika fomu ya ridhaa peke yake, jina likifuatwa na alama ya dole gumba. Humo binti aliyeolewa huwa ameandikwa kwa jina la mumewe. Kwa Kijaluo yeye ni migogo, binti wa ukoo aliyeolewa kwingine, na kila mtu wa pale kijijini anajua alikoolewa. Karani wa mahakama ya Kisumu huandika jina na namba ya kitambulisho tu, na mtafiti akitaka kumjua ni binti wa nyumba gani itambidi arudi kwa wazee akiwa na fomu hiyo mkononi.